Kabirateri Ndani ya Majivu

Kuku wawili walikuwa wakitagia juu ya kiti cha pikipiki ya marehemu Papa Sylvain. Siku mwanawe Hilaire alipoikokota kutoka katika banda la mbuzi, mama yake aliwasikitikia kuku kwanza.

"Sasa batataga wapi?" Mama Hélène aliuliza.

"Mama, hii ni moto. Haiko kisanduku ya mayai."

"Miaka saba iko kisanduku ya mayai. Na hakuna muntu alikuya kuiuliza."

Hilaire hakulisikia neno hilo la mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amerudi kijijini Kabingo, juu ya Nyabiondo, na diploma ya maendeleo ya vijijini kutoka Goma. Kijana aliyerudi na diploma husikia maswali, majibu humpita.

Pikipiki yenyewe, au moto kama waiitavyo kule, ilikuwa ndogo, ya aina ambayo zamani miradi ya afya iliwapa wachanjaji. Papa Sylvain aliipanda kilima kwa kilima na sanduku la chanjo mgongoni. Mradi ulipofunga milango, pikipiki ilibaki kwake, na baada ya miezi michache ikanyamaza. Kilima kizima kilisema imekufa kwa uzee. Miaka mitatu baadaye mwenyewe naye akafa, na hakuna aliyeigusa tena ila kuku.

Hilaire hakuitoa bandani kwa kupenda mashine. Aliitoa kwa ajili ya dada yake Solange.

Kule Kabingo mgonjwa hushuka hospitalini kwa kipoyi: mianzi miwili, blanketi katikati, wanaume wanne chini yake, na wengine nyuma wakingojea zamu. Kila nyumba inadaiwa bega. Miaka miwili nyuma, Solange alishushwa hivyo katika mvua ya Aprili, mimba yake ya kwanza, na mtoto akatoka amekufa kabla ya kufika Nyabiondo. Muuguzi alimwambia wazi kwamba nyonga zake ni nyembamba, kwamba wa pili atatolewa kwa kisu, na kwamba uchungu ukianza asipoteze hata nusu saa. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mumewe Prince alikuwa mbali, Walikale, akibeba mizigo mgongoni kuelekea machimbo ya Bisie, na habari zake zilifika mara moja kwa miezi miwili. Madereva wa pikipiki wa Nyabiondo nao walikwisha kuacha kupanda kilimani tangu watu wenye bunduki walipoweka bariyeri katikati ya njia.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, Hilaire alisimama mbele ya kanisa akawahutubia watu. Alisema nchi hii inatoa madini ya simu za dunia nzima, halafu inawabeba wanawake wake juu ya mianzi kama magunia ya makaa. Alisema dada yake hatabebwa hivyo tena. Watu walipiga makofi.

"Umesema muzuri," mzee mmoja akamwambia. "Sasa pigia hiyo dunia simu, itutumie moto."

Wakacheka, wakaenda zao. Hilaire alikwenda bandani.

Hakujua lolote. Siku ya kwanza alifungua kila kilichofunguka, akatupa skrubu na vipande vyote katika beseni moja, akidhani akili yake itakumbuka mahali pa kila kimoja. Haikukumbuka. Alishuka Nyabiondo kumwona Darius, fundi wa sokoni mwenye vidole vinane, akamweleza shida yake kwa maneno marefu ya shuleni.

"Nitakufundisha," Darius alisema. "Lakini ukisema tena processus, narudi kunywa chai yangu."

Akafundishwa. Alijaza tangi changarawe za kijito na maji ya ndimu, akalitikisa kifuani siku tatu mpaka maji yenye kutu yakatoka meupe. Alichemsha shene, ule mnyororo wa gurudumu, katika mafuta machafu, akaharibu sufuria ya mama yake. Alijifunza kusugua buji, plagi ya kutoa cheche, kwa msasa, na kwamba injini ya namna hii inakunywa esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta mazito, na ukisahau mafuta inajitafuna yenyewe. Mikono yake, iliyozoea kalamu, ilichubuka ikawa kama ya mchimbaji. Solange alikaa juu ya jiwe akichambua maharagwe, tumbo likikua wiki kwa wiki, akimcheka.

Mwezi wa pili Darius alipanda mwenyewe kuja kutazama. Aliinama, akanyoosha kidole chini ya tangi.

"Kabirateri iko wapi?"

Pale ambapo hewa na esansi huchanganyika kabla ya kuingia katika injini palikuwa patupu. Hilaire, katika ujinga wake, hakuwa amejua kwamba hapo panakosekana kitu.

"Baliiba," akasema.

Darius akapitisha kidole. Skrubu zilikuwa zimerudishwa katika matundu yake, zote, zimepakwa grisi. Mdomo wa injini ulizibwa kwa kitambaa safi na kufungwa kwa uzi.

"Mwizi hapaki grisi," Darius alisema. "Huyu muntu alikuwa anaipenda hii moto."

Hilaire alimkuta mama yake jikoni.

"Baba yako njo aliitosha, akaificha," Mama Hélène alisema bila kuinua macho.

"Juu ya nini?"

"Moto yenye kusema iko ya bale ba bunduki. Moto bubu iko yako."

Hilaire akasimama kama aliyepigwa kofi. Miaka yote aliamini kwamba umaskini ndio ulioiua pikipiki ile. Kumbe baba yake aliinyonga kwa mikono yake. Akaanza kusema, na sauti ikapanda. Kwa hiyo tutaishi hivi? Tunavunja vitu vyetu wenyewe ili visichukuliwe? Tunaacha nyumba bila rangi, ng'ombe bila kunenepa, watoto bila kuhitimu, ili tusionekane? Huo si uoga?

"Baba yako hakuwa muoga. Alikuwa anajua kuhesabu," mama akajibu.

"Iko wapi?"

"Mimi sijui."

Alijua. Lakini jioni hiyo aliyekuja na kopo la maziwa ya unga mikononi, zito, limejaa majivu, alikuwa Solange. Akatia mkono ndani, akatoa kitu kilichofungwa katika ganda kavu la mgomba. Kabirateri iling'aa kama ya dukani.

"Papa alikataza nionyeshe muntu," alisema. "Lakini tumbo iko yangu. Fanya."

Ilimchukua wiki nyingine. Siku ya kuiwasha alipiga teke mara arobaini na zaidi, jasho likimtiririka, nusu ya kijiji ikiwa imekaa kwenye majani.

"Iko kama Prince," Solange akasema. "Ukimuita leo, anaitika kesho kutwa."

Teke lililofuata, pikipiki ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikaanza kunguruma. Mbwa wakakimbia. Wanawake wakapiga vigelegele. Hilaire alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake. Pikipiki ilihitaji kibanda, na kipoyi cha kijiji kilikuwa kimeegemea ukuta wa kanisa, mianzi yake mizuri imekauka vyema. Hilaire aliichukua mchana kweupe ili kila mtu aone, akaikata kwa urefu wa paa. Vijana walishangilia. Ila wazee walinuna, kwani Kabingo kuna mwiko: kilimani kukiwa na mwenye mimba, hakitengenezwi kipoyi kipya, maana ni kumwita abebwe. Kilichopo kinatunzwa; kikiharibika, kilima kinakaa bila kipoyi mpaka ajifungue.

"Umekata mukono kwa kuwa umepata kijiko," yule mzee wa simu alimwambia.

"Papa, hiyo kijiko iko na injini," Hilaire alijibu, na vijana wakacheka tena.

Kwa siku kumi na sita kilima kilikuwa na pikipiki. Hilaire alishusha mama mwenye malaria ya kichwa, mtoto aliyevunjika mkono, bibi wa kuangaliwa macho. Bariyerini alisimama Hubert, ambaye aliketi naye benchi moja katika shule ya msingi kabla ya kushika bunduki.

"Licencié," Hubert alimwita kila alipopita, yaani msomi wa chuo, "moto yako inaimba muzuri. Tunaisikia tangu kule juu."

Hilaire alidhani ni sifa. Siku ya kumi na saba walikuwa watano, na kamba ilikuwa imevutwa.

"Komanda anaiazima," Hubert alisema.

"Mpaka lini?"

"Weye umesoma. Azima inaisha lini?"

Hilaire alishika usukani asiuachie, akawaambia kuhusu dada yake, akawaambia kuhusu wagonjwa, akataja hata katiba. Kitako cha bunduki kilimpata ubavuni, akapanda kilima kwa miguu. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto.

Walikuwa wamepanga Solange ashuke mapema, akalale kwa shangazi karibu na hospitali, wiki moja kabla ya siku zake. Uchungu haukujua mpango. Ulimkamata asubuhi shambani, wiki tatu kabla ya wakati.

Hilaire alikimbia nyumba kwa nyumba, naye alitarajia kusimangwa. Hakuna aliyemsimanga. Wanaume waliacha majembe wakaja. Walibomoa kibanda kisicho na pikipiki ili wapate mianzi, wakaikuta ni mifupi kwa kukatwa, mmoja umepasuliwa na misumari. Ikabidi wawili wateremke bondeni kutafuta mingine. Solange alingoja chini, ameuma kitambaa. Mianzi mibichi ilipofika ilikuwa mizito, inapinda, na mvua ilikuwa imeanza.

Walishuka. Hilaire alikuwa chini ya mwanzi wa mbele kushoto, bega upande wa ubavu ulioumia, akateleza, akasimama, akateleza tena. Kila aliposikia dada yake akiguna, alihesabu hatua kwa sauti ili asisikie.

Bariyerini kamba ilikuwa imevutwa. Chini ya turubai ilisimama pikipiki ya baba yake, matope mpaka kwenye taa, na Hubert amepiga magoti kando yake na koleo mkononi.

"Licencié. Mungu anakupenda," Hubert alisema. "Imekataa kuwaka, na komanda anaitaka sasa hivi. Tengeneza, mupite."

"Hubert, dada yangu anakufa."

"Njo maana nasema tengeneza. Mbio."

"Nikiitengeneza, nimupeleke nayo."

"Esansi iko ya kazi," Hubert alisema, na hakumtazama Solange.

Walikiweka kipoyi chini, ukingoni mwa turubai, pale matone yanapodondokea. Hilaire alipiga magoti. Alijua ugonjwa kabla ya kugusa, kwani walikuwa wakiinywesha esansi ya machupa, yenye mchanga. Akafungua kikombe cha kabirateri. Uchafu ulikaa chini kama majani ya chai. Akatoa jiklere, kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu la kupitishia esansi, jembamba lisilopitisha hata uzi. Mikono ile iliyomwaga kila kitu katika beseni sasa ilijua mahali pa kila kimoja. Kwa kitambo aliishika jiklere kati ya midomo, apulize, na wazo likamjia la kuimeza. Akaona mguu wa Solange nje ya blanketi, vidole vimejikunja. Akapuliza. Akaitazama mwangani, akaona tundu limefunguka. Akairudisha, akasugua buji, akafunga.

Iliitika teke la kwanza. Haikuwahi kuwaka vizuri hivyo, hata siku ile Kabingo. Wabebaji wawili walitabasamu bila kutaka, kisha wakaangalia chini kwa aibu.

"Wee ni mekanisyen," Hubert alisema, akalegeza kamba.

Hospitalini walimpasua Solange mara moja. Alipona. Mtoto alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi, na hakulia. Muuguzi aliandika saa katika daftari lake. Hilaire alimngoja mlangoni.

"Kama tungefika mbele kidogo?"

"Kaka, usiniulize hiyo," muuguzi alisema.

Akajiuliza mwenyewe. Njia nzima ya kurudi alihesabu: muda wa kutafuta mianzi, muda wa kuteleza, muda wa bariyeri. Hakuweza kujua ni upi uliomuua mtoto. Mmoja ulikuwa wa wenye bunduki, na mmoja ulikuwa wake.

Mwezi mmoja baadaye bariyeri ilimtumia mtu: pikipiki imenyamaza tena. Hilaire alichukua spana namba kumi, akashuka. Walimpa kigoda na chai. Alifanya kazi asubuhi nzima, akafungua na kufunga, mpaka wakachoka kumtazama.

"Imekufa," alisema mwishoni, maneno yakitoka kwa shida kama ya mwenye jino bovu. "Piston imeshikana."

"Licencié umeshindwa?" Hubert akauliza.

"Nimeshindwa."

Hubert alimkazia macho kwa muda mrefu, macho ya mtoto wa benchi moja. Kisha akaita wenzake, wakaisukuma mtaroni.

Hilaire alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Solange alikuwa shambani, akipanda maharagwe, hakuinua kichwa. Mama Hélène alikuwa mlangoni. Hilaire alitema kitu katika kiganja, akakifuta kwa shati: jiklere ya shaba, imelowa mate.

Mama aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga.

"Tia katikati ya majivu," alisema. "Inakataza kutu."

Alilifunika mwenyewe, akaligonga kwa kiganja mpaka kifuniko kikakaa.

"Na kesho asubuhi uamuke mbio. Kilima sasa haiko na mwenye mimba, na ile mianzi mibichi ilipinda, banaenda kukata ingine ya kipoyi. Nyumba yetu inadaiwa bega."