Maji Yatoke Chini ya Lori

Nyinyi vijana mnaopanda gari lenye ubaridi kisha mnalalamika kwamba linanuka, ketini mnisikilize. Harufu hiyo ina mahali inapotoka, na mahali hapo mimi napajua kwa mkono. Shule niliachia darasa la nne, kule Bujumbura nilikokulia, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema.

Siku ya kwanza niliingia garaji moja ya Nyabugogo, hapa Kigali, kufua ovaroli za mafundi. Sikumaliza hata beseni moja. Shefu wa garaji alishuka kutoka kwenye lori, jasho linamtiririka, akaniangalia mikono.

"Mama, leta mkono hapa."

Nikadhani ananishuku wizi. Akaupima na tundu lililokuwa chini ya dashibodi, pale walipotoa feni. Wake ulikuwa unakwama kwenye vifundo vya vidole. Wangu uliingia mpaka kiwiko.

"Ovaroli atafua mwingine," akasema.

Ndivyo nilivyokuwa msafishaji wa evaporeta. Hicho ni kile kisanduku cha ubaridi ndani ya kiyoyozi: mirija ya gesi inapita katikati ya mabati membamba yaliyosimama karibu karibu kama kurasa za kitabu. Feni inasukuma hewa kati ya kurasa hizo, hewa inapoa, unyevu wake unageuka maji. Vumbi likishikana na maji hayo linaota ukungu, na dereva anavuta ukungu huo toka Kigali mpaka Dar.

Shefu alikuwa mkali. Brashi iende juu na chini, jinsi mabati yalivyosimama, kamwe isikatize. Mirija ya gesi usiiguse, ina mtu wake. Nilikunja bati moja wiki ya kwanza akaninyima chai, akasema, "Umeziba dirisha la mtu."

Baadaye nilihamia Kanombe, kwenye kampuni ya malori. Mkuu wa magari pale alikuwa Mtanzania aliyemwita kila mtu ndugu, hata mimi niliyelingana na mama yake. Yeye hakukagua juu. Alilala chini ya lori na suruali yake ya ofisini, akangoja.

"Maji, ndugu. Yakidondoka hapa, kazi imeisha. Yasipodondoka, yako ndani, na yatakuaibisha."

Maana kuna kimpira kidogo cha kutolea maji, na tope la njiani hupenda kukiziba. Kwa mkuu huyo nilifanya kazi mpaka vidole vikaanza kuvimba, nikaaga, nikabaki nyumbani kwangu hapa Kigali kulima dodo, yaani mchicha wangu.

Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tumetoka kuzibua mfereji wa mtaa na ua umeshafagiliwa, mkwe wangu Simeo akaingia na kichwa cha lori bila trela. Alikuwa anakohoa. Binti yangu Mediatrice ndiye aliyenieleza, maana Simeo angekohoa mpaka Krismasi kabla ya kumlalamikia mama mkwe. Kiyoyozi kilinuka, upepo wake kama pumzi ya mgonjwa. Lori ni la bosi, na bosi alikuwa amesema lisipopakia Jumatatu, funguo anapewa dereva mwingine. Garaji zilitaka siku tatu kushusha dashibodi nzima.

"Fungua mlango," nikamwambia.

"Apana, Mama. Nitatafuta fundi."

"Umeshampata."

Labda nyinyi wa leo hamjui: kwetu mkwe humheshimu mama mkwe hata kwa macho. Nilipofunga kitenge kiunoni na kujikunja chini ya dashibodi, miguu nje, Simeo aligeukia ukuta. Akawa ananipa vyombo kinyumenyume. Naomba bisibisi, naletewa spana. Mediatrice alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Simeo, huo ukuta ndio mgonjwa?"

Betri nilikuwa nimeshaichomoa. Nikatoa kile kisanduku cha dashibodi cha kuwekea karatasi, nikatoa feni. Filta ya hewa haikuwepo.

"Filta iko wapi?"

Simeo akausogelea ukuta zaidi. Kisha ukuta ukajibu. "Niliitoa, Mama. Ilikuwa inazuia upepo."

"Na vumbi je, nani alilizuia?"

Madereva wote wanafanya hivyo, na wote wanashangaa kukohoa.

Ukaja wakati wa mkono. Nikaupaka sabuni, nikasukuma. Vifundo vikagoma, vikauma, halafu vikapita. Nikafurahi peke yangu kule gizani. Nikaomba pampu ya maji ya sabuni, ikaletwa, nikaielekeza kwenye mabati. Harufu ikanikamata puani. Javeli. Simeo, kwa kutotazama, alikuwa amechukua pampu ya Mediatrice ya chooni. Javeli, hiyo dawa kali ya klorini, inakula mabati yale na mapafu pia. Ningebonyeza, lori lingeenda kwa dereva mwingine kweli.

Nikatoka.

"Simeo, geuka."

"Mama, heshima..."

"Heshima ni kuangalia unachonipa. Shika tochi."

Akageuka. Alipoona kilichokuwa kimeota mle ndani, alienda kuleta pampu ya sabuni, na kuanzia hapo hakukosea chombo hata kimoja. Nikapiga brashi, nikasuuza mara mbili. Yeye akazibua kimpira, likatoka tope jekundu. Mediatrice akaenda Remera kutafuta filta mpya. Tukaacha kila kitu kikauke kwanza, ndipo tukafunga.

Simeo akawasha injini na kiyoyozi mpaka mwisho. Upepo ulitoka mwingi, baridi, bila harufu. Lakini mimi nilifundishwa na mtu wa kulala chini. Nikalala. Mediatrice akalala. Simeo akasimama kidogo akitazama mbingu, kisha naye akalala kifudifudi kando ya mama mkwe wake.

Tone. Tukangoja. Tone lingine.

"Iko inatoka, Mama," akasema taratibu, akapiga ardhi kwa kiganja. "Iko inatoka."

Watu hunipa pole kwa kustaafu. Mkono ulivimba siku mbili, na kila nilipoutazama nilicheka.

Tulipoinuka, Mediatrice alikuwa ameshachukua fagio, maana ua ulikuwa safi tangu asubuhi na sasa una dimbwi katikati.

"Weka fagio chini," nikamwambia. "Na nyote sikieni: hayo maji ndiyo ushahidi wa kazi yetu, asiyafagie mtu mpaka Simeo aondoke Jumatatu."