Ruta Iliyoachia Upawa

Juzi nilikuwa Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, nikisubiri karatasi. Barazani walijaa madereva wa malori. Simu zao zilikuwa zikidaka mtandao wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na salio likawaishia kabla hawajamaliza kusalimia nyumbani. Karani, mama mmoja wa Ihanda, aliwaonea huruma. Alileta ruta yake ya nyumbani, akaiweka dirishani na kuiunganisha kwa waya na ruta ya ofisi, ili waifai ifike barazani.

Badala yake mtandao ukagoma, nje na ndani. Fundi akaitwa, akatazama, akacheka.

"Mama, zote mbili zinazigawia simu anwani. Zinagongana."

Karani akajipiga paji la uso. "Kumbe ni kama msibani! Wapakuaji wakiwa wawili, huyu anakula mara mbili, yule analala njaa."

"Ndiyo hivyo. Ya ofisi ipakue, yako ipitishe sahani tu."

Fundi akaizimia ile ya dirishani kazi ya kugawa. Muda si mrefu dereva mmoja, siku ya nne kwenye foleni, akapokea picha ya mwanawe aliyezaliwa yeye akiwa safarini. Akavua kofia.

"Asante sana, mama."

"Ishukuru hiyo dirishani," karani akasema. "Imekubali kuacha kupakua."

Nami naishukuru kwa moyo wote. Nimezunguka ofisi nyingi nchi hii, na sijawahi kumwona mkubwa aliyeachia upawa ili watu wale.