Wapangaji Chini ya Mawe

Iko siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa siku hizi natafuta miwani nyumba nzima na kumbe iko puani. Ni siku tuliyofagia kijito. Umesikia vizuri: tulikifagia, kama mtu anavyofagia uwanja wake Jumamosi.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia mnakuja. Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu huko Nchiru, na amenipigia simu kwa furaha tele kwamba yeye na ninyi wenzake wa hosteli mtakuja huku kwetu, juu ya mji wa Manyatta, kusafisha mto. Karibuni sana. Chai ipo na nduma zipo. Lakini kabla hujashika reki, keti hapo ulipo kidogo unisikilize.

Wakati huo nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzijuzi, mdomo mwingi, na kwa ufagio hakuna aliyeniweza. Sisi vijana wa kanisa tuliambiwa wageni watakuja wakati wa Pasaka. Tukaona aibu. Kijito kinachopita chini ya kanisa kilijaa majani yaliyooza, mawe yameota kuvu, matawi yameinama mpaka majini. Unajua vile huku kwetu uwanja usiofagiwa unavyomsema mwenye boma. Basi tukakata shauri. Majani tukayazoa yote kwa reki. Matawi tukayakata ili jua liingie. Mawe tukayang'oa, tukayapaka chokaa, tukayapanga kando ya njia ya kanisa, na katikati tukamwaga vipande vya matofali mekundu. Wee! Njia ilipendeza, na kijito kikabaki kama sakafu ya saruji. Wageni walipiga makofi.

Asiyepiga makofi alikuwa Cucu Ciarunji. Cucu ni nyanya kwa lugha yetu, naye alikuwa nyanya wa kila mtu, mjane aliyeishi peke yake kwenye mteremko, na maji yake yote aliteka pale. Goti lake moja lilikuwa bovu, kwa hivyo hakuweza kwenda mbali. Kulikuwa na kijito kingine ng'ambo, lakini kile kinapita katikati ya kahawa na kabeji, juani tupu, maji rangi ya chai ya maziwa, na ukigeuza jiwe lake unakuta minyoo myekundu na ruba, basi. Chetu kilitoka msituni moja kwa moja, kivulini, baridi ya kuuma meno.

Cucu alisimama ukingoni na jerikeni yake, akatazama, akauliza, "Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe gani, Cucu?"

"Wenye kijito. Wale kaa. Wale wadudu wa mikia mitatu. Wale wanaojijengea nyumba. Nani amewafukuza?"

Tulicheka, mwanangu. Tulidhani ni uzee. Mimi nikamwambia, "Cucu, tumekutolea wadudu kwenye maji, wewe shukuru tu!"

Hakupaza sauti. "Rwamba, mimi nimezaliwa kule chini Mbeere. Kijito chetu kilikuwa mchanga. Mvua ikiisha, nacho kimeisha. Nikiwa mdogo nilichimba mchanga huo kwa mikono nikitafuta kikombe cha maji. Wadudu wa kule wanakua harakaharaka, wanaota mabawa, wanaondoka kabla jua halijawaua. Hawa wa huku hawana haraka. Siku niliyoolewa nikaja kuteka maji hapa, niligeuza jiwe nikawaona wametulia. Ndiyo siku niliyoacha kuogopa kiu." Kisha akateka maji yake, akaenda akichechemea.

Mvua ya masika ilikuja, na kingo zetu zisizo na mawe zikabomoka. Mvua ilipokwisha, jua likapiga maji mchana kutwa, yakaota utelezi wa kijani, yakaanza kunuka. Mbu walifurahi sana. Jerikeni ya Cucu ikawa nusu maji, nusu matope.

Mwezi wa nane mwanawe Njeru alikuja kumwona. Njeru alikuwa fundi viatu mjini Meru, amepanga chumba huko Majengo. Aliimwaga ile jerikeni uani, akaona kilichotoka. Halafu akasema, "Mama, nikija Krismasi maji yakiwa bado hivi, tunaenda wote. Siwezi kukuacha unywe tope." Hakuwa mtoto mbaya, na alikuwa na haki. Lakini nilimwona Cucu ameshika mlango wa jiko lake kwa mikono miwili, na moyo uliniuma mno. Ungemtoa pale angekufa, nakuambia ukweli.

Nikaenda kwa wenzangu nikawaambia mawe yanarudi. "Rwamba, una wazimu? Tung'oe njia ya kanisa?" Ndiyo, njia ya kanisa. Mzee wa kanisa alinuna, akaninyima hata salamu, ila hakutuzuia. Tulikwangua chokaa mpaka kucha zikauma. Mawe yakarudi majini, na vumbi la tofali likaingia nayo. Matawi hatukuweza kuyabandika tena, lakini visiki vilikuwa vimeshachipuka, tukaongeza migomba na mikuyu ukingoni. Majani tukayaacha yaanguke yapendavyo.

Kisha nikaanza kugeuza mawe kila asubuhi. Hakuna kitu. Leo hakuna, kesho hakuna. Nikafa moyo, nikaenda kwa Cucu kumwambia kwamba tumewamaliza wote.

Alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua kichwa. "Msitu mmeukata?"

"Hapana."

"Basi kwao bado kuko. Maji yatawateremsha, na wakubwa wenye mabawa watakuja kutaga mayai. Wewe waachie mlango wazi."

Aliniambia pia kwamba wale wajenzi ni watoto wa kaa, na hapo alikosea. Mjukuu wangu anasema ni watoto wa mdudu fulani anayeruka kama nondo. Lakini kuhusu mlango hakukosea hata kidogo.

Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikiwa imepumzika, niligeuza jiwe nikaona kijumba. Kijibomba cha mchanga, kidogo kama punje ya mchele, na kichwa kinachungulia nje. Nikakisogeza karibu na macho. Katikati ya mchanga kulikuwa na chembe nyekundu. Tofali! Mdudu yule alikuwa ameokota takataka za njia yetu akajengea nyumba yake. Nilikaa palepale majini, sketi chepechepe, nikalia huku nacheka.

Krismasi ilipofika, Njeru alikuja na begi tupu la kutilia nguo za mama yake. Cucu hakubishana naye. Alimshika mkono wakashuka polepole, mimi nikiwafuata nyuma. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini. Akamwambia ageuze jiwe. Kaa mdogo akatimua mbio, wale wa mikia mitatu wakatawanyika, na vijumba vilikuwa vimejaa tele.

"Kwa hivyo huendi, mama?"

"Niende wapi, Njeru? Wewe umepanga kwa watu huko Majengo. Mimi hapa nina wapangaji wangu. Nikiondoka nani atawaangalia?"

Njeru alicheka mpaka akakaa chini. Tulikunywa chai ya maji yale siku hiyo, na tuliyachemsha, usije ukaenda kusema Rwamba amekwambia mdudu anaua viini vya maradhi. Begi lilirudi Meru na mihogo ndani. Cucu aliishi pale mpaka Mungu alipomchukua, akiwa kitandani pake.

Sasa njoni, mwanangu. Chupa, nepi, karatasi za plastiki, mikebe ya dawa ya kabeji, zoeni zote na Mungu awabariki. Lakini jani lililoanguka ni chakula cha mtu, liache. Na jiwe usilisogeze. Popote utakapopewa pa kusafisha, iwe kijito, iwe ofisi, iwe boma utakaloolewa, uliza kwanza nani anaishi pale. Utakosea tu, hata ukiuliza, maana wewe ni binadamu. Ukikosea usikae umeshika tama. Rudisha mawe, linda msitu wa juu, kisha ungoje.

Mungu akulinde. Akupe maji yasiyokukaukia, na asubuhi ile utakapogeuza jiwe ukiwa umekata tamaa, ukute kuna mtu ameshahamia.