Kisima Kilichochimbwa Mbele ya Ofisi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Jiolojia, mtaalamu wa miamba niliyepangiwa kumsaidia, alinikabidhi nyundo, akaniambia nivunje jiwe. Nikaliponda likawa changarawe.

"Nimesema ulivunje, sijasema ulitwange," alisema. "Tunataka kuona ndani, ambako jua na mvua havijafika."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Yeye alikuwa ametoka chuo kikuu majuzi tu. Tulianzia Shelui, tukichora ramani ya miamba na kukusanya sampuli, yaani vipande vya mawe vya kupeleka maabara. Kisha tukatumwa Kilimatinde kupima udongo wa barabara. Niliipenda kazi ile, hata ugali wake wenye mchanga. Vijiji vya Ujamaa vilipoanzishwa, tukahamishiwa kwenye maji.

Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya itale, jiwe gumu lisilopitisha maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake. Katika kijiji kipya karibu na Mungaa tulichomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme. Penye unyevu hupita kwa urahisi. Tukaupata ufa ng'ambo ya korongo. Lakini mwenyekiti wa kijiji, mzee wa rika la baba yangu, alitaka kisima kiwe mbele ya ofisi.

"Waambie hapa hakuna maji," Bwana Jiolojia aliniagiza mkutanoni, maana wazee wengi walielewa Kinyaturu tu.

Nikasimama. Kwetu kijana hamkatalii mzee mbele ya watu. Nikasema kwa Kinyaturu, "Mtaalamu anasema hapa ni pagumu, lakini pakijaribiwa, huenda yakapatikana." Watu wakapiga vigelegele. Bwana Jiolojia akadhani wamekubali tuchimbe ng'ambo ya korongo, akaenda safari ya kikazi. Mtambo wa kuchimba ulipofika, mwenyekiti akaonyesha mbele ya ofisi, nami nikanyamaza.

Lilitoka vumbi jeupe, siku baada ya siku.

"Msaidizi," fundi wa mtambo aliniuliza, "hapa tunatafuta maji au tunasaga unga?"

Mtambo ukaondoka, ilikuwa zamu ya kijiji kingine. Kiangazi chote wanawake waliendelea kufukua mchanga wa mto wa mbali. Bwana Jiolojia aliporudi hakufoka. "Nilikupa maneno manne tu," alisema. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Mtambo uliporudi mwaka uliofuata, tulichimba ng'ambo ya korongo, na maji yakaruka. Mama mmoja mzee aliyaonja, akacheka, akaniita.

"Matamu. Ila adabu yako, mwanangu, tumeibeba kichwani mwaka mzima."

Nimestaafu salama. Vijana wanaokwenda chuo kikuu kusoma jiolojia huniuliza watapata kazi gani. Nawatajia migodi, visima, barabara, ramani, ualimu. Wakiniuliza kama niliifurahia yangu, nasema sana. Ila ningerudishiwa mkutano ule, ningemwamkia mzee shikamoo, nimshike mkono kwa mikono miwili, kisha nimwambie hapana.