Tumbaku Niliyoifunga Tumboni

Ndugu zangu wa kidato cha kwanza,

Mwalimu mkuu alitaka niyaseme haya mstarini, mbele ya shule nzima. Nikamwomba niyaandike, yabandikwe ubaoni nje ya bwalo. Sikuwa nakwepa. Shida ni kwamba mimi nikisimama mbele ya watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na habari hii naionea aibu. Humu mtakuta vya kuchekesha pia, kwa sababu vilitokea. Jina langu mnalijua, Redio, kidato cha pili. Ndimi niliyemwigiza mwalimu wa zamu anavyotembea, mwalimu mwenyewe akiwa nyuma yangu.

Kwetu ni Mikumi. Nimelelewa na babu, baba yake mama, aliyekata mkonge miaka mingi mpaka goti lake likakataa. Babu anavuta sigara. Na kwetu mzee akitaka kuvuta hainuki kwenda kutafuta moto, anamwita mjukuu.

"Chukua hii, kaniwashie jikoni."

Unaishika sigara, unaielekeza kwenye kaa la moto. Usipoivuta haishiki. Kutoka jikoni mpaka barazani ni mwendo, na usipoivuta tena njiani inazimika, unarudishwa na konzi juu. Hakuna aliyeita jambo hilo kuvuta. Liliitwa kutumwa. Mama alinikuta mara ngapi nafuka moshi pale mafigani, akaniambia tu nisimwage unga.

Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka minane. Babu akasema, "Bado mdogo huyu. Atazoea."

Nilizoea. Nilipofika darasa la sita nilikuwa nazunguka na sigara ya babu hadi zizini kwa mbuzi kabla ya kumpelekea. Alikuwa anaigeuza vidoleni, anaitazama. "Sigara za siku hizi fupi sana." Nami namjibu, "Kweli, babu."

Nikaja Kilosa, bwenini. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, usingizi ukapotea, nikagombana na rafiki yangu Simoni kwa ajili ya kipande cha sabuni ambacho hata hakikuwa changu. Mikono ilitetemeka nikashindwa kuchora pembetatu. Nilidhani nimekumbuka nyumbani. Jumamosi nikashuka Magomeni, hapahapa Kilosa, kijana mmoja dukani akanipa pafu moja la sigara yake, na papo hapo kichwa kikatulia. Nikasema moyoni, kumbe hii ni dawa.

Toka siku hiyo nikawa mwokota vipisi vya sigara. Najifanya nimedondosha kalamu pale stendi, nainama, nainuka na kipisi chenye mate ya mtu nisiyemjua. Asubuhi nakohoa makohozi mazito. Kwenye mchakamchaka mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo, sasa pumzi inakatika katikati ya ubeti. Nikakigeuza kile kikohozi kuwa mchezo, naigiza lori linalopanda mlima. Bweni zima linacheka. Nilikuwa mgonjwa na nilikuwa napigiwa makofi.

Sasa ile Jumamosi. Mnajua tunavyokwenda kukisaidia kijiji cha ujamaa cha jirani. Siku hiyo kazi ilikuwa kwenye bustani yao ya tumbaku, kando ya mto, na manyunyu yalikuwa yanaanguka toka alfajiri. Katibu wa kijiji alitupanga mistari.

"Vijana, mnachuma majani ya chini tu. Na kila jani ni mali ya kijiji."

Nilimsikia vizuri sana. Nikasubiri ageuke, nikachuma majani mapana, mabichi, yaliyolowa, yanayonata kama ulimbo. Nikayapanga kuzunguka tumbo, juu ya ngozi, nikayafunga kwa kamba ya katani na kushusha shati. Nia yangu ilikuwa niyakaushe juu ya dari ya bweni, niache kuokota vipisi.

Simoni alinitazama. "Redio, mbona umenenepa ghafla?"

"Si tumeambiwa tujitegemee? Najitegemea."

Alicheka. Hakujua kilichomo.

Tukarudi shuleni kwa mchakamchaka, mimi mbele naongoza. Jasho likanitoka, majani yakapata moto, yakanata tumboni kama plasta. Tulipofika bwaloni mdomo ulikuwa umeshaanza kujaa mate, nikadhani ni njaa.

Niwaeleze kuhusu Mama Tatu, ninyi ambao ndiyo kwanza mmefika. Ndiye mpishi wetu. Zamani, alipomaliza kupakua ugali, alikuwa anakwangua ukoko na kumpa yule aliyemchekesha siku hiyo. Kila siku alikuwa mimi.

"Redio, njoo uchukue haki yako."

Nikala ukoko nimesimama mlangoni pa jiko. Haikuchukua muda. Mate yakawa yanamiminika, natema, yanajaa tena. Jasho baridi likanitoka usoni. Jiko lote likaanza kuzunguka na Mama Tatu ndani yake. Moyo ulikuwa unadunda kama mashine ya kusaga. Nikatapika palepale kwenye miguu yake, kisha tumbo likafunguka, nami choo kiko mbali. Nilijichafua mbele ya foleni nzima ya wanaosubiri kuosha sahani.

Wakapiga makofi. "Leo Redio anaigiza nani?"

Nilitambaa hadi chooni. Huko ndiko nilikoyafungua yale majani na kuyatupa shimoni, na niwaambie ukweli, sikuyatupa kwa kujua kwamba ndiyo yananiua. Niliyatupa nisikamatwe. Kisha miguu ikaisha nguvu.

Walinipakia kwenye mkokoteni wa shule kunipeleka zahanati. Mwalimu mkuu alikuwa anatembea pembeni, ameshika ukingo.

"Mwanangu, umekula nini?"

"Ukoko wa Mama Tatu," nikasema.

Uongo haumo. Ukoko niliula, na ulikuwa wa Mama Tatu. Lakini nilijua ninachofanya.

Pale zahanati kuna mzee, tabibu tunayemwita Bwana Mganga, mtu wa milimani asiyependa maneno. Nilimwamkia shikamoo huku natapika kwenye beseni lake, akaitikia marahaba kama kawaida. Alinishika mkono akahesabu mapigo. Akainua shati langu. Tumboni palikuwa na mkanda wa rangi ya kahawia, na mishipa ya majani imechapwa juu yake kama ramani. Akainama akanusa. Akaagiza maji na sabuni, akanisugua kwa kitambaa, akabadilisha maji, akanisugua tena, akabadilisha tena. Usiku nilitetemeka, nikatapika maji matupu, lakini kulipokucha dunia ilikuwa imeacha kuzunguka.

Asubuhi ya Jumapili akaketi kitandani kwangu.

"Mama yako hajawahi kuloweka tumbaku akamwagia mboga?"

"Amewahi, Bwana Mganga."

"Wadudu walifanyaje?"

"Walikufa."

"Haya. Kilichowaua kinaitwa nikotini. Mmea umejiwekea wenyewe ili usiliwe. Ukivuta, kinaingia kidogo kidogo kupitia mapafuni. Jani likiwa bichi na limelowa, kinapita kwenye ngozi. Wewe ulijifunga sumu tumboni ukaipigia mchakamchaka. Kimekimbiza moyo, kimebana mishipa, kimevuruga tumbo. Wangechelewa kukuleta, sijui."

Nikajitetea kwamba sigara ilikuwa inanituliza.

"Inatuliza nini?"

"Kichwa. Na mikono kutetemeka."

"Kabla hujaanza kuvuta, mikono yako ilikuwa inatetemeka?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Nikotini ndiyo inayokutetemesha ikiisha mwilini," akasema. "Ukivuta, unaitoa shida iliyoletwa na hiyohiyo. Kesho inarudi kukudai. Hiyo dawa gani?"

Mchana Simoni akaja kunitazama. Alikuwa na habari.

"Mama Tatu amenyang'anywa ufunguo wa stoo. Chakula chote kimemwagwa. Kuna watu wanasema alikuwekea kitu, eti kwa sababu unamwigiza. Anafungasha vyombo vyake."

Niligeukia ukutani. Simoni akadhani naumwa, akanifunika shuka akaondoka. Siku nzima ile nilikuwa na mdomo, nina akili zangu, na sikusema. Nikisema, mimi ni mwizi wa mali ya kijiji na shule basi. Nikinyamaza, mama mmoja anarudi kwao akiitwa mchawi. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua kuanzia mchana hadi jua lilipozama, nikachagua kunyamaza. Kutapika mbele ya watu nimeshakusahau. Hili sijalisahau.

Jumatatu asubuhi Bwana Mganga alinipa uji, akasimama na kalamu mkononi.

"Barua kwa mwalimu mkuu naandika saa nne. Nitaandika nilichokiona tumboni kwako. Shule si mbali."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu ya barua.

Mama Tatu nilimkuta ofisini, amekaa kwenye benchi na kibunda chake, anasubiri kuambiwa aende. Nikamwamkia, hakuitikia. Mwalimu mkuu akasema, "Umepona? Keti." Nikabaki nimesimama, nikasema yote, kuanzia jani la kwanza hadi shimo la choo. Hakuna aliyecheka. Mara ya kwanza maishani mwangu naongea muda wote ule na hakuna aliyecheka.

Mama Tatu ndiye aliyesema kwanza. Hakupandisha sauti.

"Jana majirani walikuja mmoja mmoja kwangu, wananitazama mikono. Wanangu wameitwa watoto wa mchawi. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

"Mimi nilikuwa nakupa ukoko."

Mwalimu mkuu akamrudishia ufunguo. Mimi nikapelekwa kuomba radhi kwenye mkutano wa kijiji, ambako katibu alinisimamisha katikati ya wazee walioipanda ile tumbaku, na mmoja wao akaniuliza kama nimepona kabla hajaniuliza kwa nini nimewaibia. Nikasimamishwa masomo wiki mbili, na nikirudi niwe mwosha masufuria hadi mwisho wa muhula.

Wiki zile mbili Mikumi zilikuwa mbaya kuliko zahanati. Naamka nimelowa jasho, nina hasira na kila kitu, hadi kuku. Na siku ya pili tu babu akaita, "Chukua hii, kaniwashie."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikafika jikoni, kaa la moto lipo, sigara iko mkononi. Nikageuka nikamrudishia.

"Babu, nisamehe. Siwezi kuiwasha. Nikiiwasha nitaivuta yote."

Aliigeuza sigara vidoleni. "Umeanza lini?"

"Ulipoanza kunituma."

Hakunipiga. Aliinuka na goti lile, akaenda jikoni mwenyewe, akakaa huko bila kurudi. Tangu siku hiyo hajamtuma mtoto yeyote pale nyumbani. Kuvuta anavuta bado. Mimi si wa kumhukumu.

Nimeandika haya kwa sababu nimewaona wawili wenu wakiinama pale stendi, na najua hawakudondosha kalamu. Sitawataja. Hamu ikija haidumu, inapanda na kushuka. Kunywa maji, zunguka uwanja, msumbue mtu. Wiki tatu za mwanzo ndizo ngumu, baadaye unashtuka mchana umepita na hujaikumbuka. Pumzi yangu imerudi, mnanisikia alfajiri. Mnaotumwa kuwasha, semeni kwa adabu kwamba hamtaweza. Nawashukuru Bwana Mganga na kitambaa chake, na mzee yule wa kijijini.

Mama Tatu bado hajanisamehe. Siku ya kwanza niliporudi jikoni alinizuia mlangoni.

"Pumua."

Nikapumua. Akanusa, akaniacha nipite bila neno. Ikawa hivyo kila siku. Na akimaliza kupakua ugali, siku hizi anamwaga maji kwenye sufuria palepale, ukoko unalowa. Hapewi mtu. Ninyi mlioikuta hali hiyo mnadhani ndiyo desturi ya jiko letu. Si desturi. Nimeisababisha mimi, na ninaukwangua ule ukoko uliolowa kwa majivu kila jioni na kuumwaga.

Juzi akanizuia tena.

"Pumua."

Nikapumua. Akageuza uso upande.

"Maharage," akasema. "Leo unanuka maharage tu."

Akanipa kikwanguo, nikaanze masufuria.