Nta Kwenye Usukani wa Gemu

Acha nijicheke mwenyewe kabla yenu. Mimi naendesha mashine ya kusaga, na mkanda ukianza kuteleza naupaka nta ya nyuki, kazi inaendelea. Basi usukani wa kuchezea mbio za magari kwenye kibanda cha gemu cha dada Zaituni ulipoanza kuteleza, nikajiona injinia. Nikaufungua kimyakimya, nikakuta kimkanda chenye meno, nikakipaka nta ya nyuki wa msitu wa Mgori, tena ile yenye asali bado. Kikashika vizuri ajabu!

"Umeugusa?" Zaituni akauliza, wateja wamejaa.

"Mimi? Hata sijausogelea, dada."

Mota ndogo ndani ya usukani ikapata moto, kibanda kikanukia asali. Nyuki mmoja akaingia dirishani, akatua juu ya usukani. Wenzake wakafuata. Wateja wakatoka mbio.

Zaituni hakukimbia. Alinishika mkono, akaninusa vidole.