Sauti Niliyoisikia Liechtenstein

Jumapili iliyopita nilikuwa saluni pale Overport, Durban, mteja kasukwa nusu kichwa, simu ikalia. Tantine, mdogo wake mama, alikuwa amenitumia picha: mteremko wa majani, uzio wa mbao, ukungu mweupe umeukalia. Hakuandika neno. Nikaomba radhi, nikatoka nje kupumua.

Wewe unanijua miaka yote hii, lakini sijakuambia kwamba niliwahi kufika Liechtenstein. Ni kijinchi kidogo kilichobanwa na milima ya Alpi kati ya Uswisi na Austria. Unakivuka kwa gari kabla mtoto hajaanza kuuliza kama mmefika. Tantine aliolewa huko. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, naye alikuwa ametoka kupoteza mimba. Mama akasema, "Nyumba yake iko kimya sana. Nenda umpigie kelele."

Koko, yaani bibi yangu Mkongo aliyenilea mtaa wa Berea, hakufurahi. Alinifungia mandazi kwenye gazeti, kisha akanivuta sikio. "Kule milimani, ukisikia jina lako mara moja, nyamaza. Mtu aliye hai anaita mara mbili."

Berea nilizoea honi za teksi na redio za majirani. Kule nilisikia kengele za ng'ombe tu, na ng'ombe wenyewe siwaoni. Nyumba ilinukia jibini na moshi wa kuni. Tantine alipika vitonge vya unga vilivyojaa jibini, tukala na matofaa yaliyopondwa, yeye haongei. Juu kulikuwa na chumba kidogo cha njano ambacho hakikufunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa kufuata maziwa asubuhi kwa jirani, mama mzee aliyefuga ng'ombe sita huko juu. Siku ya tisa, narudi na kopo limejaa, ukungu ukashuka ghafla. Niliunyoosha mkono, vidole sikuviona. Kengele zikanyamaza zote kwa pamoja.

Ndipo nikaitwa. Jina langu, wazi kabisa, kutoka kushoto, kwa sauti ya koko. Koko aliyekuwa Durban! Nilipiga hatua moja upande ule, tena kwa furaha. Kisha nikasimama kusubiri mara ya pili. Haikuja. Nikaketi kwenye majani yaliyolowa, nikalikumbatia kopo, nikajikojolea.

Tantine ndiye aliyenipata. Alikuja pekupeku, analia, analiita jina langu mara tatu, mara kumi. Ukungu ulipoinuka tukaona: kushoto kwangu, hatua tatu tu, ardhi ilikatika, na chini kabisa ni mawe.

Alinibeba hadi kwa jirani, ndiko kulikokuwa karibu. Mama mzee alisikiliza, akaweka vikombe mezani taratibu, akauliza kitu kwa Kifaransa chake cha shule. Tantine akanigeukia.

"Anauliza, iliita mara ngapi?"

"Moja."

Mama mzee akainuka, akafunga dirisha. Hata yeye, alisema, alifundishwa hivyo na bibi yake. Watoto wawili wa darasa lake waliitika.

Mchana ule tantine alikifungua chumba cha njano. Alitandika godoro, tukajilaza, akanisimulia habari za mtoto wake, jina alilokuwa amempangia, mpaka nikasinzia. Tangu siku hiyo alianza kuongea tena.

Jioni ile tulipompigia koko simu, sikumweleza kitu, niliona haya. Lakini aliongea kwa kunong'ona, nikamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mtoto wangu. Tangu asubuhi sauti imenipotea. Sijui nani ameichukua."

Ilimrudia baada ya siku mbili, na mimi sikuwahi kumuuliza zaidi. Sasa koko amezikwa hapa, mbali na Kongo yake. Jirani naye ametangulia, na zizi lake, tantine ananiambia, limegeuzwa nyumba ya wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Hakuna tena wa kuwaonya watoto, wala watoto wa kutumwa maziwa.

Maneno ya koko ninayo yote. Huwaambia wanangu hata yale ya kuchekesha. Sauti yake ndiyo imenitoka. Huwa nafumba macho niitafute, akiimba jikoni, akigomba, akiomba kabla ya kula, na kila mara inayonijia ni ile ya mlimani.